Lori Letu na Jicho la Bima

Jumapili, 29 Juni

Mwalimu wa shule ya udereva alituambia kwamba zamani dereva wa lori aliandika kila kitu kwa mkono: alipoanza safari, aliposimama, alipolala. Siku hizi mashine inaandika yenyewe. Basi mimi nitaandika yale ambayo mashine haiulizi.

Leseni yangu ya magari makubwa imefika kwa posta jana. Biji, mama mkwe wangu, aliigusisha kwenye paji la uso, kisha akatembeza ladu, vitamutamu vyetu vya sherehe, kwa majirani wote, hata kwa yule mzee wa Kimeksiko ambaye hawajasalimiana tangu mbwa wake ale kuku wetu. "Mkamwana wangu ni dereva wa lori!" alimtangazia kwa Kipunjabi. Mzee akala ladu, akaomba nyingine.

Nina miaka arobaini na saba. Tangu nifike hapa Yuba City nimesimama kwenye ukanda wa kiwanda nikichambua pichi, mbovu huku, nzima kule. Mwezi wa pili daktari alimnyima mume wangu Ranjodh cheti cha afya cha udereva. Kisukari kimemla macho. Anaona maumbo, haoni barabara. Lori lake la buluu limesimama uani chini ya mti wa jozi tangu siku ile, na yeye amesimama nalo.

Jagdev, binamu yake, yuko tayari kulinunua. Tumekubaliana hivi: nyanya zikianza kuvunwa na mimi sijaliingiza barabarani, analichukua. Nyanya hazina wiki tatu.

Sitaki alichukue. Ranjodh ameshapoteza usukani. Akipoteza na lori lenyewe, sijui asubuhi atakuwa anaamkia nini.

Jumatano, 2 Julai

Nimekwenda kwa Iqbal, wakala wa bima, ofisi yake iko mlango wa pili kutoka duka la vitamutamu, na harufu ya samli imemnenepesha.

"Dada Kulbir, hongera. Una uzoefu wa miaka mingapi barabarani?"

"Leseni nimeipata Jumamosi."

Akaweka kalamu chini. "Kampuni zinataka miaka miwili."

"Niupate wapi huo uzoefu?"

"Barabarani."

"Na barabarani nitaruhusiwa kuingia na nini?"

"Na bima."

Tukatazamana. Mimi ndiye niliyecheka kwanza. Akaniagizia chai, akasema atajaribu kampuni zote anazozijua na mbili anazozichukia.

Alhamisi, 3 Julai

Kampuni mbili zimekataa.

Jumamosi, 5 Julai

Moja imekubali, lakini kwa bei hiyo ningenunua lori jingine. Joto kali. Ranjodh amelifuta lori vumbi ingawa halijatembea.

Jumanne, 8 Julai

Iqbal amepiga simu akiwa hana pumzi. Mojawapo ya zile anazozichukia imekubali! Masharti: nisitoke nje ya bonde, nibebe mazao tu. Kamera iwekwe kwenye kioo cha mbele, iangalie barabara na iniangalie mimi. Siku kumi za kwanza dereva mzoefu akae kando yangu. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bibi arusi.

"Kuna moja la mwisho," akasema. "Mume wako atie saini kwamba hataliendesha lori hilo. Kamwe. Akishika usukani, bima inakufa."

"Lakini hana hata ruhusa ya kuendesha."

"Najua, dada. Lakini yuko nyumba moja na funguo. Wanataka saini."

Nilimngoja Ranjodh amalize kula. Nikamwambia taratibu. Akaegemea kiti.

"Lori langu."

"Ndiyo."

"Lori nililolilipia miaka tisa. Nitie saini kwamba mimi ni mtu wa hatari kwalo."

"Baba Navreet, ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, waambie waache."

Akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akipapasa tairi la mbele.

Jumatano, 9 Julai

Hasemi na mimi. Anasema na Biji, Biji ananiletea. "Anauliza chumvi iko wapi." Chumvi iko mbele yake.

Ijumaa, 11 Julai

Binti yetu Navreet amepiga simu kutoka chuoni, amesema nimpe baba yake muda. Mtoto huyu anadhani nyanya zinangoja watu.

Jumapili, 13 Julai

Jagdev alikuja baada ya ibada, bado kitambaa cha gurdwara, hekalu letu Masingasinga, kiko begani. Alizunguka lori kama mtu anayenunua nyati wa maziwa. Akapiga teke tairi. Akafungua mlango, akakaa, akawasha. Injini ikanguruma uani kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, na nikamwona Ranjodh akiinua kichwa pale kibarazani.

Jagdev akaingiza gia. Ikalia vibaya, mpaka kuku wakatawanyika.

"Hiyo ya tatu ina ubishi!" Ranjodh akapiga kelele. "Uibembeleze, usiivunje!"

"Nitaizoea, kaka. Nitalipaka rangi nyeupe pia. Buluu inavuta joto."

Jagdev alipoondoka na mimi nikabaki naosha vikombe kwa hasira, nikasikia kiti kinavutwa nyuma yangu.

"Lete hiyo karatasi."

"Una hakika?"

"Nyeupe!" akasema. "Kama jokofu! Lete."

Nikaiweka mezani. Hakuweza kuona mstari. Akanishika mkono. "Niwekee kidole pale."

Nikaweka kidole, na yeye akatia saini kando ya ukucha wangu, herufi zikapanda mlima kidogo. Kisha akauliza kama kuna chai. Nilimpikia chai na maziwa mengi, na nililia jikoni mpaka maji yakafurika kwenye jiko. Hakuuliza kwa nini chai imechelewa.

Jumatano, 16 Julai

Bima imetoka! Malipo ya kwanza yameuma, lakini karatasi ninayo. Fundi amebandika kamera, nyeusi, ndogo kuliko pakiti ya sigara.

Nilibaki na tatizo la dereva mzoefu. Nani ataacha kazi yake siku kumi katikati ya msimu akae tu kando ya mwanamke? Jioni Jagdev akaja na mfuko wa mabamia.

"Shemeji, tunaanza saa ngapi kesho?"

"Sisi nani?"

"Mtoto wangu ataendesha lori langu. Mimi nitakaa na wewe. Au umepata mzoefu kunizidi?"

Nikasema mabamia ni mazuri.

Alhamisi, 17 Julai

Mzigo wa kwanza! Tela mbili zimejaa nyanya hadi ukingoni, nyuma yangu kama treni. Shambani niliogopa, barabarani nikasahau kuogopa.

"Shemeji, kona! Kona! Kona hiyo!"

"Naiona. Ilikuwa hapo kabla hujazaliwa."

"Panua! Panua kama unapita na harusi nzima nyuma!"

Nikapanua. Tela ya pili ikafuata kwa adabu. Nyanya nne tu ndizo zilizoruka. Jagdev akageuka kuzihesabu, akanipa dole gumba. Sharti kubwa la tela mbili: usirudi nyuma hata siku moja, maana zinajikunja kama kisu cha mfukoni. Ukikosea njia, endelea mbele mpaka dunia ikugeuze.

Nilipofika nyumbani Ranjodh alikuwa langoni. Alizunguka lori lote kwa mkono, kila tairi, kila kikaza mnyororo. "Umepiga breki sana kwenye mteremko," akasema. Amejua kwa joto la magurudumu.

Jumatatu, 21 Julai

Nyanya.

Jumanne, 22 Julai

Nyanya. Foleni ya kiwandani ilifika hadi barabara kuu. Nimekula achari ya embe na chapati baridi, nimefurahi kama nini.

Jumatatu, 28 Julai

Siku kumi zimeisha. Leo kwenye foleni nilimuuliza Jagdev jambo ambalo limenikaa kooni tangu majira ya kuchipua.

"Ulilitaka sana lori hili. Mbona umenisaidia nilihifadhi?"

Akatema ganda la mbegu ya alizeti dirishani. "Wewe ulidhani nilitaka kulila?"

"Ndiyo."

"Shemeji, wewe una ulimi, ungeniuliza. Nilitaka likae hapa. Kaka angelitangaza gazetini, lingenunuliwa na mtu wa Texas, akalipeleka. Angelisikia tena wapi? Mimi napita mlangoni kwenu kila siku."

"Na rangi nyeupe?"

"Nilisema tu. Nilitaka kuona kama bado anaweza kukasirika."

Miezi yote hii nimemfanya tai mla mizoga kichwani mwangu, na yeye alikuwa mtu mwema anayeongea sana. Nimempelekea mke wake dazeni ya mayai.

Jumanne, 5 Agosti

Peke yangu sasa. Madereva wa kwenye foleni wananiita Mama Nyanya. Jesús, mwenye lori jekundu, ananipa maembe ya pilipili, mimi nampa achari. Hatuelewani maneno mengi lakini hatujawahi kukosa mazungumzo.

Jumatatu, 11 Agosti

Iqbal amepiga simu nikiwa nakaza turubai.

"Dada Kulbir, kampuni wanasema tangu Ijumaa kamera haioni kitu."

"Imeharibika?"

"Hapana. Wanasema wanaona vitu vya kijani. Na kimoja cha njano. Wanauliza kama unasafirisha mzigo mwingine ndani ya chumba cha dereva."

Nikapanda kutazama. Mbele ya kamera, kwa uzi mweusi, zilining'inia pilipili mbichi saba na limau moja, zimefungwa vizuri kama shada. Mimi huwa natazama barabara. Nilidhani ni mapambo ambayo Ranjodh aliyaacha, yako mengi pale, mashada na picha na kiatu cheusi cha mtoto kwenye bampa.

Biji hakukana kwamba ni kinga yake ya husuda. Alikuwa anasukasuka mtindi.

"Jicho linamtazama mkamwana wangu kutwa nzima, halifumbi, halisemi mashallah wala wahe guru. Mnataka nikae tu?"

"Biji, ni jicho la bima," Ranjodh akasema. "Tena Maguru wetu walikataza ushirikina."

"Walikataza ushirikina. Hawakukataza pilipili."

"Bila hiyo kamera, lori linasimama."

"Basi litazame barabara. Kwa nini limtazame yeye? Ana uzuri gani wa kutazamwa siku nzima na uso wa nyanya?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tumekubaliana zining'inie nyuma ya kiti changu, zinikinge kisogo. Iqbal ameandikia kampuni kwamba lilikuwa tatizo la kiutamaduni na limeondolewa. Wametoa onyo moja. Amesisitiza: la pili litakuwa la mwisho.

Jumapili, 17 Agosti

Gurdwara. Nimesukuma roti jikoni na wanawake ambao mwaka jana waliniambia niende kozi ya kushona. Leo watatu wameniuliza shule ya udereva iko wapi.

Ijumaa, 29 Agosti

Mvua ya dakika tano, haina maana yoyote isipokuwa vumbi limegeuka uji. Mizigo miwili.

Jumamosi, 6 Septemba

Ranjodh bado ananingoja langoni, bado anapapasa magurudumu, lakini ananyamaza zaidi. Nikimwambia habari za foleni anasema "hmm." Nimechoka, sikumfuatilia.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo nitaandika yote.

Nilikuwa kwenye foleni. Simu ya Iqbal. Sauti yake haikuwa na utani.

"Dada, jana lori liliwashwa. Kuna mwanamume kwenye kiti chako."

"Jana nilikuwa gurdwara."

"Najua. Na mimi nilikula roti zako. Nakutumia picha."

Ikaja. Ranjodh. Kilemba chake cha rangi ya chungwa cha Jumapili, mikono yote miwili kwenye usukani, kidevu juu, macho yamefumbwa. Anatabasamu kama sijamwona akitabasamu tangu majira ya baridi. Asubuhi alisema tumbo linamsumbua, twende sisi.

"Kampuni wanafuta bima," Iqbal akasema. "Dereva aliyekatazwa, kwenye usukani, injini inawaka. Wametoa siku saba tujieleze. Dada, sema ni fundi. Picha si nzuri sana, kilemba ni kilemba. Hawatajua."

"Mimi nitajua."

"Kujua kwako hakubebi nyanya!"

Nikakata simu. Wa nyuma akapiga honi. Foleni ilikuwa imesogea na mimi sijasogea. Nilikuwa na hasira, naisema hapa wazi. Msimu wote, joto lote, pilipili zote, na yeye kaketi pale akachezea mkate wetu.

Nyumbani nilimwekea simu mbele ya pua. Haoni picha, ikabidi nimwelezee, na kumwelezea kukaniharibia hasira, maana ilibidi niseme, "Unatabasamu."

"Sikulisogeza," akasema. "Hata unywele."

"Kamera haijui unywele. Uliweka saini!"

"Niliweka. Ulikuwa umeweka kidole."

"Basi kwa nini?"

"Kila asubuhi unaliwasha na kuondoka nalo. Nalisikia mpaka darajani, halafu basi. Nilitaka kulisikia limekaa. Nililiacha lingurume tu, nikahesabu gia kichwani mpaka Sacramento na kurudi."

"Ungeniambia, Baba Navreet."

"Nikuambie nini? Kwamba namwonea wivu mke wangu?"

Biji akapitisha kichwa mlangoni. "Nilisema mimi! Pilipili zingekuwa pale pale, wasingeona kitu."

Hakuna aliyecheka, lakini karibu.

Jumanne, 16 Septemba

Mizigo mitatu, kama mtu anayekula haraka kabla sahani haijaondolewa. Jagdev amesikia. Hakusema lolote kuhusu kununua. Alisema tu, "Nitume lori langu upande wako wiki hii, ukikwama?" Nikamwambia bado sijakwama.

Jumatano, 17 Septemba

Nimekwenda kwa Iqbal kabla hajafungua. Nimemwambia aandike ukweli: kwamba aliyekaa pale ni mume wangu, kwamba lori hili ni yeye aliyelilipia miaka tisa, kwamba aliliwasha ili alisikie. Kwamba hakulisogeza.

Iqbal akakuna ndevu. "Mashine ya lori inakubaliana naye. Mwendo, sifuri. Gurudumu halikuzunguka hata robo. Hilo nitaliweka juu kabisa."

"Na chini yake uandike kwamba ninaomba aruhusiwe kuwa abiria."

"Abiria?"

"Kiti cha kulia. Kipo kitupu tangu Jagdev aondoke."

"Dada Kulbir, wanataka kukufukuza, na wewe unaomba nafasi ya mtu wa pili! Unaomba radhi au unaomba nyongeza?"

"Vyote viwili. Mtu akiwa na kiti chake ndani ya lori, haibi changu."

Akanitazama, akaanza kuandika. Akaniuliza neno moja tu, uhusiano wa abiria na dereva. Nikamwambia aandike mwalimu. Akasema hilo halimo kwenye orodha. Basi, mume.

Ijumaa, 19 Septemba

Kimya. Nyanya za mwisho mwisho zinaiva kwa fujo. Nimekipelekea kiwanda mizigo yangu yote.

Jumapili, 21 Septemba

Ranjodh alikwenda gurdwara na sisi, akakaa mstari wa mbele ambapo kila mtu anamwona. Biji anasema alifanya hivyo ili awe na mashahidi.

Jumanne, 23 Septemba

Jibu! Iqbal alilisoma kwenye simu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa napiga kelele. Bima inabaki. Onyo la mwisho kabisa, limeandikwa kwa herufi nene. Funguo zikae shingoni mwangu. Na abiria amekubaliwa: afunge mkanda, asiguse usukani, asiguse gia, asikae upande wa kushoto, wa usukani, hata lori likiwa limezimwa.

Nilimsomea Ranjodh masharti yote. Alisikiliza kama mtoto anayesomewa sheria za mchezo.

"Na kusema? Wamekataza kusema?"

"Kwa bahati mbaya, hapana."

Alhamisi, 25 Septemba

Leo Ranjodh ametoka na mimi. Biji alimfungia chapati tatu za paratha na akampa pilipili moja ya mfukoni, "kwa sababu na wewe sasa linakutazama." Alikuwa tayari amevaa saa nzima kabla ya kuondoka. Alipanda upande wa kulia, akapapasa mlango, mkanda, kioo, akashusha pumzi.

Mpaka darajani hakufunga mdomo.

"Umechelewa gia ya tano."

"Ndiyo, Baba Navreet."

"Lisikilize. Linakuomba na wewe unajifanya husikii."

"Nasikia watu wawili, nachanganyikiwa nani ni lori."

"Punguza hapa, kuna shimo." Lilikuwepo. Kampuni gani ya bima inajua shimo lile?

Shambani wavunaji walimtambua, wakaja kumshika mkono. Tulijazwa. Tulitoka na tela mbili, jua limeanza kuelemea upande wa vilima, na mimi nikasubiri aniambie nimepanua kona vibaya. Hakusema. Nikaingiza ya tatu, ile yenye ubishi, ikaingia kidogo kwa kelele, nikangoja nikaripiwe. Kimya. Nikadhani nimemuudhi. Nikadhani ameumwa. Barabara iliponyooka nikamtupia jicho.

Alikuwa amelala. Kilemba kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, mikono imelala mapajani.

Miaka ishirini na mitano ya ndoa. Nimepanda naye mabasi ya Punjab, magari ya binamu zake, gari la binti yetu mwenyewe, na mtu huyu hajawahi kufumba jicho ndani ya chombo kinachoendeshwa na mwingine. Kwenye ndege ya Amritsar alikaa macho safari nzima, akamwambia mhudumu kwamba anamsaidia rubani.

Nikazima redio. Kiwandani foleni ilikuwa ndefu, Jesús akanipungia embe kwa mbali, nikamwonyesha kidole mdomoni. Foleni iliposogea, nikaachia breki kidogo kidogo, nikasogea nayo polepole asije akaamka.